Kidole Changu na Chanzo cha Uhai

Jumatatu, 4 Machi

Mkuu wa Idara alituita ofisini leo, mimi na Glavu. Hatukuketi, maana viti vyake vyote vimekaliwa na mafaili. Akatangaza kwamba kuanzia mwezi ujao maabara ya chuo itakuwa na fundi mmoja badala ya wawili. Atakayebaki ataitwa Fundi Mkuu. Mwingine atashukuriwa kwa barua. Uamuzi utatolewa baada ya Siku ya Wazi, Alhamisi ya wiki ijayo. Kila mmoja wetu atapewa meza moja ya maonyesho na mada ni hiyohiyo: uhai ulianzaje. Profesa mstaafu, aliyemfundisha Mkuu mwenyewe, atapita meza kwa meza na kutoa maoni.

Miaka kumi na tisa nimeosha bika za chuo hiki. Glavu ana sita. Sioni cha kujadili.

Glavu ni mwenzangu wa maabara. Jina nilimpa mimi, likamganda. Huvaa glavu akipima, akiandika lebo, hata akifungua mlango wa friza. Sijawahi kuziona kucha zake.

Nyumbani mke wangu akauliza siku ilikuwaje. Nikasema nimepandishwa cheo. Sijui maneno yalitokaje. Alifurahi mno, akanipakulia mara mbili, akampigia mama yake simu kabla sijamaliza kutafuna. Basi nina siku kumi za kuufanya uwongo uwe kweli. Zinatosha.

Jumanne, 5 Machi

Nimesoma kurasa kumi na moja bila kusinzia! Kinachowasumbua wataalamu ni hiki. Ndani ya seli, DNA hutunza maagizo yote, lakini haiwezi kujinakili bila msaada wa protini. Protini nazo haziwezi kutengenezwa bila maagizo ya DNA. Sasa nani alitangulia? Wamekwama kama wageni wawili mlangoni, kila mmoja akimkaribisha mwenzake apite kwanza.

Wengi siku hizi wanadhani alitangulia wa tatu: RNA. DNA ni bosi wa mafaili, hajui kushika nyundo. Protini ni vibarua hodari wasiojua kusoma. RNA hubeba maagizo na papo hapo anaweza kufanya kazi kwa mikono yake. Si hodari sana katika lolote, kitabu kinasema, lakini anajua yote mawili. Nilisoma sentensi hiyo mara mbili. Ni mimi huyo! Fundi mmoja, kazi mbili. Mkuu akiiona meza yangu ataelewa bila kuambiwa.

Mpango: kutengeneza dimbwi. Inadhaniwa kwamba RNA huenda ilianzia kwenye vidimbwi vya moto vilivyokuwa vikikauka na kulowana tena. Maji yakipungua, vipande vidogo vya RNA husongamana na kuanza kushikana. Mvua ikinyesha, vinachanganyika upya. Kauka, lowa, kauka, lowa, miaka nenda miaka rudi. Mimi nina siku tisa, lakini nina jiko la umeme.

Vipande vyenyewe ni unga mweupe na viko frizani. Ufunguo anao Glavu. Nilikwenda nimejiandaa kwa vita. Akanipa kabla sijamaliza kuomba, tena akanishauri nivae glavu, kwa kuwa vidole vya binadamu vina kimeng'enya kinachoila RNA. Vidole vyangu! Vilivyoosha bika miaka kumi na tisa! Nilimshukuru kwa meno ya mbele tu. Molekuli ya kwanza duniani haikutengenezwa na mtu mwenye glavu.

Jumatano, 6 Machi

Nimekausha na kulowesha mara nane. Fimbo ya kioo ilikuwa inateleza, nikakoroga kwa kidole. Ukikoroga kwa kidole unakijua kitu.

Saa tisa nikaendesha jeli. Nieleze, kwa faida ya watakaoisoma shajara hii nikishakuwa maarufu. Jeli ni kipande bapa laini chenye vishimo upande mmoja. Unatia sampuli kwenye vishimo, unapitisha umeme. Molekuli fupi hukimbia mbele, ndefu hubaki nyuma. Kisha unaiweka jeli chini ya taa ya zambarau. Kama kuna RNA, utaona mistari inang'aa.

Sampuli huchanganywa na rangi ya bluu ili uione ikitembea. Nusu ya rangi iliingia kwenye jeli. Nusu iliingia kwenye kidole changu cha shahada. Haitoki kwa sabuni.

Matokeo: giza. Hata mstari wa kubahatisha haupo.

Ijumaa, 8 Machi

Mara ishirini sasa, kauka na lowa. Giza.

Kitabu kinasema udongo laini wa mfinyanzi unaweza kusaidia, kwa kuwa vipande hujipanga juu yake na kushikana kwa urahisi. Nikachota udongo kwenye chungu cha maua nje ya ofisi ya Mkuu. Ulikuwa na mnyoo. Nikamtoa, kwa kidole. Nikaongeza udongo, nikakoroga vizuri. Giza, na sasa linanuka.

Glavu amepata kivuli. Kivuli tu, chini kabisa mwa jeli yake, vipande viwili vitatu vilivyoshikana. Mkuu akapita akamsifu. Glavu akamwambia asitie chumvi, ni kidogo sana, na kwamba hakuna mtu duniani ambaye ameshatoka kwenye tope tupu akafika hadi kwenye molekuli inayojinakili yenyewe mwanzo mpaka mwisho. Hatua moja moja zimejaribiwa, njia nzima bado. Mkuu akatikisa kichwa kwa heshima kubwa. Mtu anakiri kwamba hajui na anaheshimiwa! Mimi nikisema sijui naambiwa nipige deki.

Hitimisho langu la kisayansi: Glavu ametia kitu kwenye unga wangu. Hakuna maelezo mengine.

Jumapili, 10 Machi

Mama mkwe ametia nanga. Na sanduku. Amesafiri tangu alfajiri ili aje kumwona mkwewe, Fundi Mkuu, akiwa mezani kwake Alhamisi. Ameniletea zawadi: koti jeupe jipya la maabara, alilolishona mwenyewe. Kwenye mfuko wa kifuani ametarizi herufi mbili kwa uzi mwekundu, F na M. Alinivalisha mbele ya majirani. Limenikaa sawasawa.

Nilienda chooni nikakaa huko kwa muda. Naogopa. Naandika wazi kwa kuwa kwa sasa hakuna anayesoma. Nafasi ikienda kwa Glavu, nitawaambia nini wanawake hawa wawili? Na umri huu si wa kuzunguka na bahasha za maombi ya kazi, ukipishana mlangoni na watoto uliowafundisha kushika pipeti.

Nilipotoka nikamkuta mke wangu jikoni. Huoka mikate ya kuuza na leo alikuwa akiandaa unga wa kesho. Hamira ilikuwa inafanya povu kwenye bakuli. Nikamuuliza hamira ni nini hasa. Mama mkwe akadakia kwamba ni kitu hai, akashangaa Fundi Mkuu mzima halijui hilo.

Kitu hai! Na kitu hai kimejaa RNA!

Walipogeuka nikachota kijiko kizima cha hamira kavu. Nikakitia kwenye chupa tupu ya dawa ya kikohozi. Usingizi ulikuja wenyewe.

Jumatatu, 11 Machi

Mambo mawili hayawezi kufanywa siku moja bila haraka, na haraka huharibu. Hamira ingoje kesho; leo ilikuwa zamu ya kumshughulikia Glavu.

Saa nne alitoka kwenda kuchota maji yaliyosafishwa mtamboni. Mezani kwake kulikuwa na vichupa sita vya RNA iliyokamilika, ya kununua, ya kuonyesha wageni. Sasa, mimi siamini hii habari ya vidole. Lakini yeye anaiamini. Basi ijaribiwe. Nililamba kidole cha shahada, nikafungua kichupa cha kwanza, nikapaka ndani ya kifuniko, nikafunga, nikatikisa. Vivyo hivyo vyote sita. Haikuchukua hata dakika mbili. Kama kidole hakina kitu, hakuna aliyeumia. Kama kina kitu, meza yake itakuwa giza kama yangu na tutakuwa sawa. Sioni ubaya wowote.

Aliporudi nilikuwa napanguza dirisha. Akaniuliza nimeanza lini kupanguza madirisha. Nikasema zamani.

Jumanne, 12 Machi

Leo zamu ya hamira. Kijiko kimoja ndani ya dimbwi jipya, chumvi kidogo, kuchemsha mpaka seli zipasuke. Si udanganyifu. Dimbwi la kale nalo lilikuwa na vitu vingi ambavyo hakuna aliyeviona vikiingia.

Mtu wa mipango hufikiria mbele. Ili nisiache alama za vidole kwenye bika, nilivaa glavu. Nilizichukua kwenye boksi la Glavu mwenyewe. Zinabana, zinatoa jasho, sijui anazivumilia vipi. Sikuzivua mpaka jeli ikaisha.

Mistari! Miwili! Imenyooka, inang'aa, mmoja juu na mwingine chini yake, safi kama imechorwa kwa rula! Nilipiga ukelele. Basi unga wa hamira ni dawa, na mambo ya vidole yalikuwa porojo tangu mwanzo.

Glavu akaja mbio. Akaitazama jeli kwa muda mrefu. Akaniuliza kama nina hakika na matokeo haya. Nikamwambia sijawahi kuwa na hakika namna hii. Kisha akasema kwa upole kwamba siku mbili bado zipo, na kwamba hata ile jeli yangu ya kwanza yenye giza ingefaa kuonyeshwa, nikieleza kwa nini ilikuwa giza. Akasema wageni wangependa hilo kuliko hii.

Wivu. Mtu akizidiwa hujifanya mshauri.

Jumatano, 13 Machi

Glavu aliendesha jeli ya vile vichupa sita. Nilimchungulia kupitia upenyo wa mlango. Giza! Vyote sita! Mwili ulinisisimka, nusu kwa furaha, nusu kwa kitu kingine ambacho sikukipa nafasi.

Aliokota kifuniko kimoja akakiinua kwenye mwanga. Akaokota cha pili. Akavipanga vyote sita mbele yake. Kisha akageuka kutazama mlango niliposimama. Nikaondoka kwa mwendo wa mtu mwenye shughuli.

Nilitegemea aende kwa Mkuu kushtaki. Hakwenda. Nilitegemea alie. Hakulia. Alifungua friza akatoa vichupa vingine sita. Mtu wa namna gani huweka akiba ya kila kitu?

Alhamisi, 14 Machi

Siku ya Wazi. Niandike haraka, niyaache hapa.

Ukumbi ulijaa. Nilikuwa nimevaa koti la F.M. Mkuu aliziona herufi, akaniuliza maana yake. Nikamwambia ni za mtengenezaji. Mke wangu na mama mkwe walisimama mstari wa mbele, wamependeza.

Profesa ni mzee mdogo wa umbo, mwenye miwani miwili, mmoja puani na mwingine kichwani. Alianza na meza yangu. Nikamweleza dimbwi, mvua, jua, vipande visivyo na uhai vikishikana vyenyewe. Nilisema vizuri. Watu wawili waliacha soda zao wakasogea. Kisha nikawasha taa ya zambarau na mistari yangu miwili ikang'aa, ukumbi ukaguna.

Profesa alishusha miwani ya kichwani akaivaa juu ya ile ya puani. Akasema dimbwi la kweli lingetoa mchanganyiko wa vipande vya kila urefu, ukungu uliotapakaa. Mistari miwili mikubwa iliyonyooka hivi ni kitu anachokifahamu kama sura ya nduguye. Hiyo, akasema, ni RNA ya karakana ambayo seli hai hutengenezea protini zake. Kila seli hai ya mmea, mnyama au kuvu inayo. Kwa hiyo ama nimegundua uhai wote kwa mkupuo katika wiki moja na nusu, ama kuna kiumbe kimeingia kwenye bika.

Nikasema labda mnyoo.

Profesa akainamia bika akanusa. Akasema inanukia mkate.

Hapo mke wangu, kwa nia njema kabisa, akasema kwa sauti kwamba hiyo ni hamira yake. Alikuwa ameitafuta tangu Jumapili, imepungua kijiko kizima, kumbe mume wake ameitumia kwenye sayansi! Aliwageukia watu akitabasamu, akasubiri wafurahi pamoja naye. Walicheka, lakini si pamoja naye. Nikaona tabasamu lake linavyoisha taratibu, upande mmoja kwanza. Nilitamani ardhi ipasuke. Niliona aibu kwa ajili yake zaidi ya yangu.

Kisha Profesa akahamia kwa Glavu.

Meza yake ilikuwa na bango moja: Kama RNA ilijitokeza yenyewe zamani, kwa nini haijitokezi leo kwenye dimbwi la nje? Chini yake jeli mbili. Ya kwanza ilikuwa na mistari inayong'aa, vichupa sita. Ya pili ilikuwa giza, vichupa vingine sita vya RNA ileile, isipokuwa kila kimoja kiliguswa mara moja na kidole kitupu. Akaeleza kwamba zamani hapakuwa na mlaji. Molekuli dhaifu iliweza kukaa dimbwini, ikakosea, ikajaribu tena. Leo dunia imejaa viumbe, na kila kiumbe ana vimeng'enya vya kumeng'enya RNA isiyo yake. Mgeni akijitokeza leo, analiwa kabla hajajifunza kujinakili. Uhai wa kwanza ndio uliofunga mlango.

Profesa akasema amefundisha jambo hilo miaka thelathini kwa chaki na maneno, hajawahi kuliona kwa macho. Akauliza kwa nini vichupa sita, kwani kimoja kingetosha. Glavu akasema alipanga kugusa kimoja tu. Lakini mwenzake wa maabara alimsaidia kugusa vyote sita, ikawa ushahidi mzito zaidi. Akavionyesha vifuniko. Ndani ya kila kimoja kulikuwa na doa la bluu.

Watu wote wakatazama kidole changu. Nilikuwa nakuna pua.

Ijumaa, 15 Machi

Glavu ndiye Fundi Mkuu. Mkuu alinisomea barua yangu ya shukrani kwa sauti, ili asiniachie nisome peke yangu. Ilikuwa na makosa mawili ya tarehe.

Nyumbani nilikuwa nimeshasema yote jana usiku kwa sentensi tatu. Mke wangu hakunigombeza, na hilo lilikuwa baya zaidi. Aliniambia jambo moja tu: kwamba angenipakulia mara mbili hata kama ningesema ukweli. Mama mkwe alichukua koti, akakaa dirishani na sindano, akafumua herufi ya M. Akasema F ibaki, kwa kuwa fundi bado ni fundi hata akiwa mpumbavu.

Mchana Mkuu akapiga simu. Nirudi Jumatatu. Kuna jambo.

Jumatatu, 18 Machi

Nimebaki! Nusu siku, lakini nimebaki!

Ilikuwa hivi. Profesa amewashauri walifanye lile onyesho la Glavu kuwa somo la kila muhula. Linahitaji kidole. Wanafunzi hawafai, wengine huosha mikono, matokeo yanayumba. Glavu amemwambia Mkuu kwamba katika vidole vyote vya chuo hiki hakuna kinachoharibu RNA kwa uhakika kama changu, na kwamba angeomba kiendelee kuwepo. Alisema hivyo bila kucheka. Mkuu ameafiki. Asubuhi nitaosha bika kama kawaida, na siku ya somo nitagusa.

Nilitoka ofisini nikamkuta anabandika lebo. Aliniambia amefurahi nimerudi. Nadhani alimaanisha. Nikataka kumwomba radhi na maneno yalikuwa yamefika kooni kabisa, lakini nikawahi kufikiri.

Na kadiri ninavyofikiri ndivyo ninavyoona wazi. Bila mimi hana somo! Fundi Mkuu mzima anategemea kidole cha mtu wa nusu siku. Sasa mpango. Somo la kwanza ni Ijumaa. Alhamisi jioni nitakisugua kidole kwa sabuni, kisha kwa spiriti, kisha kwa maji ya moto, mara tatu tatu, mpaka kisibaki na kimeng'enya hata kimoja. Nitavigusa vichupa vyote sita mbele ya darasa zima. Vyote vitang'aa. Mkuu ataona nani alikuwa sahihi kuhusu vidole, na kile cheo kitazungumzwa upya. Mke wangu nimeshamdokezea kwamba asishangae wiki ijayo.

Nimeazima brashi ya kusugulia kwa Glavu. Akauliza ya nini. Nikamwambia nataka mkono uwe safi siku ya Ijumaa. Akanitazama, akaniambia ngozi haichoki kutoa vimeng'enya hata uisugue vipi, na kama kweli nataka mkono usiharibu kitu, nivae glavu. Akaniwekea jozi mpya mezani.

Nimezirudisha kwenye boksi. Mtu akishaanza kukupa msaada wa bure, ujue ameanza kuogopa.